Safu ya Tatu

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya laasiri,
twapanda ngazi za mbao juu ya duka la Ussi mshona kanzu,
watu tisa, mara kumi na mmoja, mara watatu na paka,
kutafuta waliotuzaa.

Mwenyekiti Bi Mwatima, mkunga mstaafu,
hana haja ya karatasi.
"Wewe," humwambia mtu, "ulikuja kwa miguu,
na babako hakuwa yule aliyelipa."
Ndiyo maana wengine wameacha kuhudhuria.

Maalim Silima ana shajara ya dhiraa nne,
kaiunga kwa gundi ya unga.
Yaanzia kwake, yapanda mpaka Hadhramauti,
haikanyagi bara hata mara moja.
Wanaume watupu: mtu na babake, mtu na babake,
kana kwamba ukoo mzima haukupata kuingia jikoni.

Mimi katibu. Kazi yangu kuandika nani kasema nini,
kukusanya mia tano mia tano za chai,
na kunyamaza. Hilo la mwisho halimo katika katiba.

Julai akaja Odesa, kutoka Baltimore.
Mvi fupi, viatu vya mpira, maji ya kunde;
Ussi alimsalimu, hakuitikiwa,
akadhani ni mtu wa Makunduchi anayejivuna.
Babu wa mamake alikuwa mtia makaa melini,
akashuka bandari ya huko, meli ikamwacha,
akaoa binti wa watu waliovuna pamba isiyo yao.
Wakimwita Feri. Aliwaachia neno moja,
na kila kizazi kimelipokea limechakaa zaidi:
*Kisimajongo.*
Walidhani ni dua.

Bi Mwatima alicheka mpaka akashika mbavu,
kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga.
"Kisimamajongoo, mwanangu. Ni mtaa.
Dakika sita kwa mguu. Wanauza mbatata."

Nikampeleka Nyaraka. Siku tatu za vumbi na chafya.
Daftari la walioachwa huru, pembe zimeliwa na mchwa.
Safu nne: jina, umri, kabila, bwana.
Kidole chake kikateremka, kikateremka, kikagota.
*Feruzi. Miaka tisa. Myao.*
"Myao ndiyo nini?" akaniuliza.
Sikujibu. Nilikwisha kuuona mstari wa chini yake:

*Zafarani. Yapata kumi na sita. Mnyasa.*
Na safu ya nne, jina la babu yangu.

Kwetu tulifunzwa: bibi katoka Barawa,
kaja na udi na kasha lake la njumu.
Kasha lipo, nimelirithi mimi.
Chini lina chapa ya duka la Darajani,
na miaka yote hiyo nilijua kusoma.

Agosti, kikaoni, Odesa alisimama na karatasi yake.
Maalim Silima akampongeza, kwa upole hasa:
"Wahenga walisema, mkataa kwao mtumwa."
Kalamu yangu ikasimama.
Na aliyekatazwa kwao, Maalim?
Aliyeulizwa na karani, akajibu neno moja,
likatiwa katika safu ya upana wa vidole viwili,
kisha wajukuu zake wakalifukiza udi mpaka likapotea,
mtumwa nani hapo?

Sikuyasema hayo. Niliandika:
*Ajenda ya nne. Katibu aomba kuongeza jina.*
Bi Mwatima akanitazama juu ya miwani,
kama anayengoja kichwa kitoke.
"Pumua kwanza," akasema. "Haya."

Nikalisema.

Umeme ulikuwa umekatika; chini cherehani ya Ussi
iliendelea kukanyagwa.
Maalim aliazima kalamu ya risasi, hakuandika kitu.
Odesa akasogeza kiti chake kando ya changu.
Hawakuwa ndugu, Feruzi na Zafarani.
Waliandikwa siku moja tu, foleni moja.
Huenda jua lilichoma, na mkubwa akamshika mdogo mkono.
Huenda hapana.

*Fedha za chai: elfu nne na mia tano.
Kikao kilifungwa saa kumi na mbili kasorobo.*